Njia ya faili katika skripti ya bechi: maana ya %~dp0 na wenzake

Njia ya faili hutaja mahali faili lilipo: herufi ya diski, mlolongo wa folda, jina, kisha kiendelezi. Katika skripti za bechi za Windows (faili za .bat zenye orodha ya amri), vipande hivi hutengwa kwa virekebishi vinavyoanza na alama ya ~. Kukata njia kwa kuhesabu herufi ni kujitafutia taabu.

Tuseme skripti imepewa "D:\kazi\ripoti ya mei.txt". Hapo %1, yaani kitu cha kwanza skripti ilichopewa, huleta njia pamoja na nukuu zake, na %~1 huzivua. %~d1 hutoa D:, %~p1 hutoa \kazi\, %~n1 hutoa ripoti ya mei, na %~x1 hutoa .txt, nukta ikiwemo. Virekebishi huunganishwa: %~nx1 ni jina na kiendelezi. %~f1 hukamilisha njia kuanzia folda ya sasa hata ukipewa jina tupu, ila haichunguzi kama faili lipo. Hiyo ni kazi ya if exist.

%0 ni skripti yenyewe, kwa hiyo %~dp0 ni folda inamokaa skripti. Si lazima iwe folda ya sasa: skripti ikiendeshwa kwa haki za msimamizi, mara nyingi folda ya sasa huwa C:\Windows\System32, na cd /d "%~dp0", yaani kuhamia folda ya skripti, ndiyo dawa.

Kinachosumbua zaidi ni mkwaju wa nyuma (\) ulio mwishoni mwa %~dp0. Andika "%~dp0data", bila kuongeza mwingine. Amri ya kunakili folda kama

robocopy "%~dp0" "E:\nakala"

huharibika, kwa sababu robocopy huusoma mkwaju uliotangulia nukuu kuwa unaifanya nukuu hiyo herufi ya kawaida, na njia mbili zikagandana. Weka nukta: "%~dp0.".

Virekebishi havifanyi kazi kwenye vigeu vya kawaida kama %njia%. Vipitishe kwenye for, amri ya kurudia:

for %%A in ("%njia%") do set "jina=%%~nA"

Kigeu cha for kiwe herufi kubwa, kisichanganywe na n, x au p za virekebishi. Nje ya skripti, kwenye dirisha la amri, % huwa moja tu.

Na ukitumia shift, amri inayosogeza vitu skripti ilivyopewa nafasi moja, hata %0 husogezwa, hivyo %~dp0 hubadilika katikati ya skripti. shift /1 huiacha %0 mahali pake.