Rotary si Freemason, na Mengine Tunayoyasikia Mtaani

Niko kwenye klabu ya Rotary hapa Dar es Salaam, moja ya klabu za mtandao wa kimataifa wa watu wa kazi mbalimbali wanaojitolea kuhudumia jamii, na maswali ninayoulizwa na majirani, mafundi na hata ndugu zangu hayabadiliki sana. Hayaniudhi. Anayeuliza bado anataka kujua. Anayenisikitisha ni yule aliyekwisha kuamua bila kuuliza, kwa sababu mara nyingi ndiye mtu tunayemhitaji: muuguzi, fundi bomba, mwalimu wa shule ya msingi. Nayaandika haya hasa kwa ajili yake.

"Hao ni Freemason"

Hii inatangulia zote. Hofu yenyewe ina historia. Kenya, mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume rasmi ya kuchunguza ibada za kishetani, na hapa kwetu kuna kipindi kila aliyetajirika haraka au msanii aliyefariki ghafla alihusishwa na Freemason. Rotary ikatiwa kapu hilohilo kwa kuwa ina alama, ina beji, na inakutana hotelini.

Tuanze na alama. Freemason hutumia vifaa vya waashi. Alama ya Rotary ni gurudumu la mashine lenye meno 24 na mikono 6. Katikati lina tundu la ekseli, na pembeni mwa tundu hilo kuna mfuo mdogo. Mfuo uliongezwa miaka ya 1920 baada ya wahandisi kulalamika kwamba gurudumu lilivyochorwa lisingefanya kazi: bila kitu cha kulifunga, ekseli ingezunguka peke yake na gurudumu lingebaki limesimama. Hakuna fumbo jingine pale.

Mkutano nao uko wazi. Mgeni anakaribishwa, anasimama ajitambulishe, anapigiwa makofi. Mwanachama mpya haapishwi gizani. Anavishwa beji mbele ya kila mtu, na mara nyingi mke au mume wake na watoto wako palepale wanapiga picha.

Wasiwasi wa kidini haukuanzia Afrika. Januari 1951 Vatican ilitangaza amri, iliyotolewa mwezi uliotangulia, ya kuwakataza mapadri kujiunga na Rotary. Lakini Juni 1979 Rotary ilifanya mkutano mkuu wake wa kimataifa mjini Roma, na Papa Yohane Paulo II aliwahutubia wajumbe. Kwenye klabu yetu Waislamu, Wakristo na Wahindu wanakaa meza moja. Magharibi ikiingia, wanaoswali wanatoka, wanaswali, wanarudi kwenye viti vyao, na kikao kinaendelea.

"Ni klabu ya matajiri"

Hapa sitakanusha moja kwa moja. Klabu ya kwanza Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1930, Dar es Salaam ikapata yake 1949, Kampala 1957. Zote zilizaliwa chini ya ukoloni, na picha ya wakubwa waliovaa suti imebaki vichwani mwa watu hadi leo.

Gharama zipo pia, na ni haki mtu azijue kabla. Ada ya makao makuu kwa mwanachama imekuwa kati ya dola 70 na 85 kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni. Juu yake kuna ada ya wilaya ya Rotary, ada ya klabu yenyewe, na chakula pale mnapokutania. Kwa mwalimu au karani, chakula cha hoteli kila wiki ndicho kinachomshinda, kuliko hata ada. Ndiyo maana napenda klabu zinazokutana kwenye ukumbi wa kawaida kwa chai na maandazi, au zinazofanya baadhi ya vikao mtandaoni. Tangu 2016 kanuni zinaruhusu klabu ikutane angalau mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, na kila klabu ijipangie kinachowafaa watu wake. Klabu inayong'ang'ania hoteli ya gharama kisha ikalalamika kuwa watu hawajiungi inajikosesha wanachama yenyewe. Nalisema hili ndani ya vikao, nalisema na hapa.

Utajiri, hata hivyo, si sharti la kuingia, na haukuwa hivyo hata mwanzo.

"Kazi yao kula, kunywa na kucheka"

Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, watu wanne walikutana kwenye ofisi ndogo. Paul Harris alikuwa wakili, Gustavus Loehr mhandisi wa migodi, Silvester Schiele mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Hiram Shorey mshona nguo. Harris alikulia kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, mahali ambapo kila mtu alimjua mwenzake. Chicago alikuwa na wateja lakini hakuwa na marafiki. Mtu aliyetoka Kigoma au Songea akapanga chumba Dar es Salaam atamwelewa haraka. Hawakukutana ili wamsaidie mtu yeyote. Walitaka kujuana, na kupeana biashara pia, tusifiche. Huduma ilifuata baadaye: mwaka 1907 wakalivalia njuga suala la vyoo vya umma katikati ya jiji.

Kwa hiyo anayeona tunacheka kabla ya kufanya kazi hajakosea anachokiona. Anachokosea ni kudhani hivyo vitu viwili havihusiani.

Mkutano wa kawaida huwa hivi. Rais wa klabu anagonga kengele, wimbo wa taifa unaimbwa, wageni wanatambulishwa. Kisha anasimama sajenti, mwenye kazi ya kutoza faini: aliyechelewa, aliyesahau beji, aliyetokea gazetini, aliyepata mjukuu na hakumwambia mtu. Faini ni ndogo, na zinaingia kwenye mfuko wa klabu. Lakini sikiliza vizuri kinachotokea pale. Kwa dakika kumi za faini unajua nani kafiwa, nani kahamishwa kazi, binti wa nani kafaulu kidato cha nne, nani hajaonekana na inabidi apigiwe simu. Baada yake anakuja mzungumzaji wa siku, halafu kamati zinatoa taarifa.

Sasa nenda na watu haohao kwenye kambi ya afya, Jumamosi, uwanja wa shule, jua limeanza kuchoma saa tatu asubuhi. Watu wameshapanga foleni tangu alfajiri. Daktari na wauguzi wako mezani kwao. Mwenye duka la vipuri, ambaye hajui lolote la tiba, ameshika daftari la usajili na anamwuliza bibi mmoja jina kwa mara ya tatu, akiinama na kupaza sauti, kwa kuwa bibi hasikii vizuri. Mwanasheria anabeba benchi. Mhasibu amekaa na kisanduku cha dawa na orodha yake, na hakuna kidonge kinachotoka bila kuandikwa. Saa sita mkanda wa mashine moja ya presha unapasuka, na mtu anampigia simu mwenzake wa klabu mwenye duka la dawa, ambaye siku hiyo hakuweza kuja. Dakika chache baadaye bodaboda inafika na mashine nyingine. Simu ile haikuhitaji barua wala kikao. Ilihitaji watu ambao wamekula pamoja mwaka mzima.

Nimeshiriki vikundi vya kujitolea ambavyo watu hukutana siku ya kazi tu. Vina moyo, lakini huchoka mapema, kwa sababu mtu akiacha kuja hakuna anayemuulizia.

"Wana hela za wafadhili, waje watuchimbie kisima"

Barua za namna hii zinatufikia, na nyingi zinatoka kwa watu wenye shida ya kweli. Wengi wanadhani kuna kapu la fedha huko Marekani na sisi tunachota tu.

Rotary ina mfuko wake wa hisani, wazo lililotolewa na Arch Klumph mwaka 1917. Mchango wa kwanza ulikuwa dola 26 na senti 50, kutoka klabu ya Kansas City. Fedha zake ni za wanachama na marafiki zao, na ruzuku kubwa ya kimataifa ina masharti: bajeti ya mradi isipungue dola 30,000, klabu ya nchi yenye mradi ishirikiane na klabu ya nchi nyingine, na kabla ya kuomba ifanyike tathmini ya mahitaji pamoja na wanajamii wenyewe.

Hiyo tathmini ndiyo watu huiona kama kupoteza muda. Mimi naiona ndiyo mradi wenyewe. Pampu za mkono zinazosimama, mara nyingi tatizo si maji kuisha. Ni kipira kidogo cha kwenye pistoni, kinachochakaa kwa msuguano, ambacho bei yake haifiki popote karibu na gharama ya kuchimba. Kama kijiji hakina kamati ya maji yenye fedha na fundi aliyefundishwa kuifungua pampu, kipira hicho kinatosha kuwarudisha akina mama mtoni. Kwa hiyo tunauliza kwanza: kila kaya itachangia kiasi gani, nani atatunza daftari, wanawake wangapi wako kwenye kamati, maana wao ndio wachotaji. Tunauliza pia RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019, ina mpango gani na eneo lile. Kijiji kikijibu maswali hayo, kisima kinadumu.

Kazi kubwa kuliko zote za Rotary, ya polio, nayo haikuendeshwa kwa hela peke yake. Ilianza rasmi mwaka 1985. Mwaka 1988, ilipoungana na WHO, UNICEF na wengine, ugonjwa huo ulikuwa ukiwapata watu wapatao 350,000 kwa mwaka, wengi wao watoto, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya WHO ilitangazwa kuwa haina kirusi cha asili cha polio. Kisha Februari 2022 Malawi ikatangaza kisa cha polio ambacho kirusi chake kilihusishwa na kile cha Pakistan, na mwezi uliofuata Tanzania ikaanza kuchanja mikoa ya mpakani: Mbeya, Songwe, Njombe, Ruvuma. Matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole, nyumba inayofuata. Kazi hiyo inataka miguu.

"Ni ya wanaume, na wazee"

Ilikuwa ya wanaume kweli, kwa zaidi ya miaka themanini. Klabu ya Duarte, California, ilipokea wanawake watatu mwaka 1977 na mwaka uliofuata ikafukuzwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Mei 1987 iliamua kwa upande wa klabu, na mwaka 1989 Rotary ikabadili kanuni kwa dunia nzima. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa kimataifa. Ilichelewa mno, na sioni sababu ya kuitetea.

Afrika nayo imeshika kiti hicho, kupitia Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, 2003 hadi 2004. Sam Owori wa Kampala alikuwa amekwisha kuteuliwa kwa mwaka 2018 alipofariki Julai 2017. Uganda bado inamkumbuka.

Vijana wana klabu zao ndani ya Rotary, ziitwazo Rotaract, kuanzia miaka 18. Ukomo wa miaka 30 uliondolewa mwaka 2020, na ada ya makao makuu ni dola 5 kwa mwaka kwa klabu za vyuoni na dola 8 kwa za mitaani.

"Ni tawi la chama fulani"

Klabu haina chama na haimpigii debe mgombea. Mwanasiasa anaweza kuwa mwanachama kama mtu mwingine yeyote, lakini kampeni anaziacha mlangoni.

Anayetaka kujionea amtafute mwanachama mmoja, aulize siku na saa ya kikao, aende kama mgeni mara mbili tatu kabla ya kujaza fomu yoyote. Na akiwa pale aombe kuonyeshwa hesabu za mradi wa mwaka uliopita. Ni swali la haki, na klabu nzuri italijibu siku hiyohiyo.