Ukichora Nairobi Dam, Chora Njia ya Maji

Vikundi vingi vinavyoniita kusaidia kuchora ukuta kuhusu Nairobi Dam huja na wazo lilelile: maji ya buluu, mashua za tanga jeupe, jua linazama nyuma ya miti. Sishangai. Bwawa lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, na kwa miaka mingi watu walikuja kustarehe hapo. Kulikuwa hata na klabu ya mashua. Leo ukisimama kando yake, upande wa Lang'ata au upande wa Kibera, unaona uwanda wa kijani uliojaa magugumaji, na chini yake tope na taka zilizoshushwa na mto. Mpita njia asiyejua atadhani ni shamba.

Shida ya mchoro wa mashua ni kwamba unasifu starehe ya wachache, kisha unanyamaza kuhusu bwawa lenyewe. Bwawa ni kazi ya mikono. Kuna tuta lililozuia mto, kuna mahali pa kutolea maji yakizidi, na kuna mto unaoingia na kutoka. Ndiyo maana wenzangu nawaambia tuchore safari ya maji kwanza, mengine yatafuata.

Safari hiyo inatosha ukuta mrefu kabisa. Mto Motoine unatokea magharibi ya jiji, unapita kando ya Kibera na kuingia bwawani. Ukitoka hapo unaitwa Ngong, unakatiza Industrial Area na Mukuru, kisha unaungana na Mto Nairobi mashariki ya jiji. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Watu wa Malindi wanaijua bahari yao inavyogeuka rangi ya udongo mvua zikinyesha bara. Nikieleza haya mbele ya ukuta mtupu, mara nyingi watoto ndio huuliza kwanza: kwa hiyo chupa ya hapa inaweza kufika baharini? Inaweza. Basi tunaichora.

Na magugumaji je? Wazee wengi hawataki kuyaona ukutani, wanasema ni aibu. Mimi nayatetea. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ua lake la zambarau linapendeza, na yanashamiri pale penye maji yenye mbolea nyingi. Maji machafu ya vyoo na majumbani ndiyo mbolea yenyewe. Tukiyafuta kwenye mchoro, tumefuta sababu ya bwawa kuwa lilivyo.

Kumbukumbu za watu nazo zinahitaji ufundi wa kuulizia. Ukimuuliza mtu "unakumbuka nini kuhusu dam?" utapata hotuba. Mimi huomba tutembee, halafu nauliza maji yalikuwa yanafika wapi. Mzee mmoja wa Silanga, mtaa ulio ndani ya Kibera, alisimama kati ya nyumba mbili za mabati, akagonga ardhi kwa fimbo. "Hapa, kijana wangu. Mvua kubwa ikija, hapa." Mama aliyekuwa anakaanga samaki jirani akadakia, "Mzee, wewe ulikuwa unakuja kuiba kambare, si kupima maji!" Tulicheka, lakini nilipata vitu viwili vya kuchora: mstari wa maji, na kambare. Mstari huo nauchora mwembamba, mweupe, kwa kimo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa ukuta.

Sasa rangi. Kibera ina mtindo wake wa uchoraji wa nje, na haukuanzia kwenye majumba ya sanaa. Kikundi cha Maasai Mbili, kilichoanzishwa mwaka 2001, kilitokana na kazi ya kuandika mabango ya maduka. Mchoraji anayejiita Solo 7 aliandika maneno ya amani kwenye kuta na mabati wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka 2013 wachoraji walilipaka hata treni la abiria linalopita mtaani. Kwa hiyo mafundi wapo tayari. Usilete mtu kutoka nje aje kuwafundisha kushika brashi.

Bati jipya ni adui wa rangi. Lina utelezi, na rangi ikipakwa moja kwa moja hubanduka kama ganda. Lioshe kwa sabuni, lisugue kwa siki, lipake rangi ya msingi inayofaa bati, ndipo uchore. Ukuta wa plasta shida yake ni unyevu unaopanda kutoka chini, na jirani na bwawa unyevu huo haukosekani. Ukiona unga mweupe wa chumvi, usiufunike. Ukwangue, acha ukuta ukauke, na sehemu ya chini kabisa ipake chokaa tu, kwa sababu chokaa inapumua. Rangi ya mafuta hapo itatoka malengelenge kabla mwaka haujaisha.

Alama za viganja vya watoto mimi sizipendi, nakiri. Zinapendeza siku ya uzinduzi mbele ya kamera, lakini hazisemi lolote kuhusu mahali. Mtoto mpe kazi ya kweli: achore taka moja aliyoiona mtoni, au samaki aliyesimuliwa na bibi yake, na aandike jina lake pembeni kwa herufi ndogo.

Kabla hamjaondoka, mpeni mtu mmoja anayeishi karibu na ukuta makopo ya rangi iliyobaki, mkiwa mmeandika juu ya kila kopo rangi hiyo ilitumika wapi. Mvua ya masika ikipita, kutakuwa na viraka vya kuziba.