Thamostati si ya nchi za baridi: maneno ya gereji yanayoua Celica zetu

"Hicho kidude ni cha nchi za baridi, hapa Dar hakina kazi." Maneno haya kuhusu thamostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nimeyasikia kwa wenye Toyota Celica, kwa wenye RunX, kwa mafundi wenzangu wa Gerezani, na juzi nimeyasikia tena kwa kijana aliyenunua Celica SS-II ya 2001, ile ya gia sita. Alikuja analalamika kwamba kamu ya juu, ile inayoongeza nguvu kwenye mzunguko mkubwa, haiingii: gari linafika mzunguko wa 6,000 halafu halina mpya. Alishauziwa bolti za shafti ya roka (roka ni vyuma vinavyosukuma valvu), zikafungwa, hakuna kilichobadilika. Sasa alikuwa ameambiwa atafute injini nyingine.

Nilichomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, tukatoka barabarani. Njia ilikuwa nyeupe, mwendo wa kawaida, na joto la maji likagoma kwenye nyuzi hamsini na kitu. Tuliporudi, injini ikapoa, nikafungua kikombe cha thamostati. Ndani patupu.

Kompyuta ya 2ZZ-GE, injini ya hiyo SS-II, hairuhusu kamu ya juu kufanya kazi kabla maji hayajafika nyuzi 60, hata ukanyage mafuta mpaka sakafuni. Hiyo ni kinga aliyoiweka mtengenezaji ili mtu asiipelekeshe injini ikiwa bado baridi. Kwa hiyo bolti alizonunua yule kijana hazikuwa na ugonjwa wa kutibu. Ni kweli 2ZZ za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kukata bolti hizo, na mtu anayedai zimekatika inabidi afungue kava la juu azione kwa macho. Huyu aliuziwa kwa kubahatisha.

Sasa tuzungumze hilo la nchi za baridi, maana limenichosha. Thamostati za injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Joto la Dar mchana wa Januari ni nyuzi thelathini na kitu. Injini inataka themanini na kitu. Tofauti hiyo ni kubwa, na hewa inayopiga rejeta ukiwa mwendo wa 80 kwa saa inatosha kabisa kuizuia injini isiyo na thamostati isifike kwenye joto lake. Kwa injini, hata Dar ni baridi. Ukienda Njombe alfajiri bila thamostati, ndiyo usiseme.

Injini isiyofika joto lake haikuambii kwa kelele. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha, inaendelea kuongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha utando wa oili kwenye kuta za silinda na kushuka mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mvuke wa maji unaotokana na mwako, ambao ungekauka kwa joto, unabaki ndani na kuchanganyika na oili. Ukifungua kifuniko cha oili unakuta utando wa rangi ya maziwa. Na 2ZZ si ya kuchezea kwenye kuta za silinda: hazina slivu za chuma, ni alumini iliyoimarishwa kwa mchanganyiko maalumu. Huipeleki kuchongwa oversaizi kama injini za zamani za chuma. Zikikwaruzika, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Hapo ndipo naambiwa: "Lakini fundi, tangu itolewe gari halichemki." Halichemki mjini, kwenye tambarare, ukiwa peke yako. Lipakie watu wanne, washa kiyoyozi, panda mlima Kitonga nyuma ya lori la mzigo, halafu unipigie simu.

Thamostati kwenye injini nyingi za Toyota ina kazi mbili. Maji yakiwa baridi inafunga njia ya rejeta na kuacha wazi njia fupi inayozungusha maji ndani ya injini tu. Yakipata moto inafungua njia ya rejeta na papo hapo kubana ile njia fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza kuiondoa hata pale injini inapoelekea kuchemka: uwezo wa kupoza unashuka. Wapo wanaoitetea thamostati kwa kusema bila hiyo maji yanapita rejeta haraka mno mpaka hayapoi. Hilo nalo si sahihi. Maji yakienda haraka hayapotezi uwezo wa kutoa joto. Tatizo ni njia yanayopita.

Na kabla hujauliza kama uirudishe, uliza kwanza kwa nini ilitolewa. Hakuna anayetoa thamostati kwenye gari lisilo na tatizo. Gari lilichemka, na badala ya kutafuta rejeta iliyoziba, feni isiyogeuka, pampu iliyochoka, mfuniko usioshika presha au gasketi ya hedi iliyoanza kupitisha, mtu akang'oa kitu kilicho karibu na mkono. Ugonjwa ukabaki palepale, umefunikwa. Kwa hiyo ukiirudisha na gari likachemka, usiilaumu thamostati. Sasa umepata nafasi ya kuuona ugonjwa wenyewe.

Kuipima hakuhitaji fundi. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini, weka kipimajoto pembeni, washa moto mdogo. Ianze kuachia kwenye 80 na kidogo, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka karibu sentimita nzima. Ikitolewa majini ijifunge yenyewe kabisa. Ikishindwa hata moja kati ya hayo, nunua mpya. Injini za familia ya ZZ zimo kwenye RunX, Wish na Premio zilizojaa mjini, kwa hiyo spea si shida. Wakati wa kufunga, hakikisha kile kipini kidogo kinacholegea kwenye sahani ya thamostati kimekaa juu, maana ndicho kinachopitisha hewa. Pua ya Celica iko chini, hewa inapenda kujificha. Jaza maji taratibu, washa hita, acha injini iungurume mpaka feni iwake na kuzima, kisha ongeza.

Maneno mengine ya gereji ni haya. "Maji ya bomba yanatosha." Hayatoshi. Bloku na hedi ni alumini, na maji yenye chumvi ya visima vya Dar yanaila mpaka unakuta rejeta imejaa tope jeupe. Tumia kulanti iliyo sahihi kwa Toyota. Tena ukiwa Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji matupu yanachemka karibu na nyuzi 94 kama mfuniko wa rejeta haushiki presha. Mfuniko mzima unapandisha kiwango hicho kwa karibu nyuzi 20. Mimi huwa nawaambia wateja wabadilishe mfuniko kila baada ya miaka miwili bila kungoja dalili, na sijaona sababu ya kubadili ushauri huo.

"Mshale uko katikati, injini ni salama." Mshale wa joto wa Toyota nyingi umetengenezwa ukae katikati kwenye eneo pana la joto ili usimtie mwenye gari wasiwasi. Ukianza kupanda, muda umeshakwisha. Kwa gari la umri huu, nunua kifaa kidogo cha kusomea kompyuta na uangalie namba.

"Injini kuukuu inataka oili nzito." Hili nalo linakera. Injini ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa kufunguka kwa valvu, inatumia presha ya oili kugeuza kamu, kupitia vijia vyembamba na valvu yenye chujio dogo sana. Toyota walipendekeza 5W-30 kwa injini hizi. Ukimimina 20W-50, asubuhi oili inachelewa kufika juu, na mfumo wa kamu unafanya kazi kwa kusuasua. Celica SS-I, yenye injini ya 1ZZ, ikila oili, chanzo mara nyingi ni pistoni za miaka ya mwanzo, ambazo matundu yake ya kurudisha oili yalikuwa machache na huziba kwa masizi. Toyota walizibadilisha baadaye. Oili nzito haizibui matundu hayo. Pima kijiti kila ukijaza mafuta, ongeza inapopungua, na uanze kujiwekea akiba ya kubadilisha pistoni na ringi. Na ukiona oili inavuja upande wa cheni, anza kwa kuangalia oringi ya tenshena (kikaza cheni) kabla hujakubali kushusha injini.

"Ukikata springi gari linashika barabara." Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kitako chake, shokabsoba inagonga mwisho, na kwenye matuta yetu utanunua shokabsoba kila mara. Ukitaka gari liwe chini, nunua springi zilizotengenezwa hivyo.

"Tairi ya Japani ina kashata nzuri, chukua." Angalia pembeni ya tairi, zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Raba inakauka hata ikiwa stoo, kashata ikiwa bado ndefu. Kwa gari la nguvu-farasi 190 linalosukuma magurudumu ya mbele, tairi ya zamani namna hiyo siifungi, na mteja akisisitiza anaipeleka kwingine.