Fuwele za wakati: leza haina mdundo, mdundo unatoka wapi?

Wiki hii mwanafunzi kaniuliza, "Mwalimu, eti wanasayansi wamepata mashine inazunguka milele bila umeme?" Hapana. Nimeshaliona hili kwenye magrupu ya WhatsApp pia, na ukweli wenyewe ni mtamu kuliko huo uvumi.

Chukua punje ya chumvi, hata ya hapo Kunduchi, uiangalie kwa karibu. Ni kiboksi. Atomu zake zimejipanga zenyewe kwa mpangilio unaojirudia, hiyo ndo fuwele. Mwaka 2012 Frank Wilczek, Mmarekani mwenye Nobel ya fizikia, akauliza kama kuna kitu kinachoweza kujirudia hivyo kwenye wakati, hiyo ndo fuwele ya wakati, na baadaye ikathibitishwa kwamba kitu kilichotulia tuli hakiwezi, lazima kilishwe nishati.

Sasa bandika maharage jikoni. Moto wa mkaa uko vilevile, haupandi haushuki, ila mvuke ukikolea kifuniko kinaanza ta-ta-ta-ta, kwa mwendo wake. Moto haukuwa na mdundo wowote!

Mwaka 2024 wanafizikia wa Bariloche kule Argentina na wenzao wa Berlin walitangaza kitu cha namna hiyo ndani ya semikondakta, mata ya aina inayotengenezewa chipu za simu. Ni tabaka nyembamba mno zilizopangwa zikawa vioo viwili vinavyotazamana, mwanga ukinaswa katikati unachanganyika na elektroni zilizosisimuliwa na leza, zinazaliwa polaritoni, nusu mwanga nusu mata, nyepesi kuliko elektroni mara 10,000 au zaidi, na zikishajaa zinaingia hali moja ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo kama atomu) zinaenda kama kitu kimoja, yaani kondenseti. Kondenseti za hivi tunazo tangu 2006. Kipya ni kwamba leza inawaka mfululizo bila kupepesa, lakini spini za kondenseti, yaani zile kama mishale midogo ya mwelekeo inayobebwa na polaritoni, zinaanza kuzunguka zenyewe kama pia ya watoto inavyoyumba.

Ukiongeza nguvu ya leza, zinashika mwendo wa mitetemo ya kipande chenyewe cha semikondakta, kama bilioni 20 kwa sekunde. Ongeza tena, zinajirudia mara moja kwa kila mitetemo miwili, na hapo mimi ndo huwa nasisimka, maana hakuna mtu kaziambia zihesabu mbili mbili.

Na ile milele? Polaritoni moja inaishi sehemu ndogo mno ya sekunde, leza ndo inaleta nyingine kila wakati. Zima leza, kondenseti yote inaisha hapohapo, kama kifuniko ukishaopoa mkaa.