Kwa Nini Mtoto Hataki Hadithi Mpya, Nawe Hurudia Wimbo Uleule?

Msomee mtoto wa miaka mitatu hadithi aliyokwisha kuisikia mara ishirini, halafu, kwa kuwa usingizi umekuelemea, ruka ukurasa mmoja kimyakimya. Hufiki mbali. Kidole kidogo kitatua kwenye karatasi na utarudishwa nyuma: "Bado kuku hajaingia!" Hajui herufi hata moja, lakini anajua kuku anaingia lini. Na kesho usiku, kati ya vitabu vyote vilivyomo ndani, atakuletea kilekile, kile ambacho jalada limeshang'oka.

Tunacheka, tunasema ni mambo ya kitoto. Kisha tunavaa hedfoni na kusikiliza wimbo wa enzi zetu za shule, tunaoujua hadi pumzi za mwimbaji.

Tuanze na mtoto. Mwaka 2011, Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zilizotiwa maneno mapya. Baadhi yao walirudiwa hadithi zilezile, wengine wakapewa hadithi mbalimbali, ila kila mtoto aliyasikia maneno yale mapya mara sawa. Waliorudiwa ndio walioyashika vizuri zaidi. Na ukikaa ukafikiri, inaingia akilini. Safari ya kwanza mtoto anahangaika kujua nani ni nani na nani kamfanya nani nini. Hayo yakishatulia, ndipo anapata nafasi ya kuuliza kwa nini mlango wa nyumba ile ni mwekundu. Wewe unaona kitabu kimoja mara ishirini, yeye kila mara anaokota kitu kingine.

Mapenzi haya ya kitu kilichozoeleka huanza mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika utafiti wa Anthony DeCasper na Melanie Spence uliochapishwa mwaka 1986, wajawazito walisoma kwa sauti kipande kimoja cha hadithi ya watoto mara mbili kwa siku, wiki 6 za mwisho za ujauzito. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu bandia, na namna walivyonyonya ndiyo iliyoamua wasikie kipande gani. Wakanyonya kwa mtindo uliowaletea kile cha tumboni, hata kiliposomwa na mwanamke asiyekuwa mama yao. Mtu ana siku mbili tatu duniani, tayari ana hadithi anayoipenda!

Sasa muziki. Umewahi kujichunguza sekunde chache kabla ya kiitikio cha wimbo unaoupenda? Ngoma inanyamaza kidogo, nawe umeshaanza kuvuta pumzi. Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, huko Montreal, Kanada, waliwataka watu walete nyimbo zinazowasimamisha vinyweleo, wakaziangalia bongo zao wakati wa kusikiliza. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, ilimwagika msisimko ulipofika kileleni. Ila ilimwagika pia kabla ya hapo, katika sehemu nyingine ya ubongo, wakati msikilizaji bado anangoja. Kungoja kwenyewe ni raha, na huwezi kungoja usichokijua. Ndiyo maana wimbo mpya, hata ukiwa mzuri, mara nyingi huhitaji kusikilizwa mara ya tatu au ya nne kabla haujakuingia.

Lakini usiurudie kutwa wiki nzima. Ukishaujua kupita kiasi, hakuna cha kungoja tena, unabaki kelele za kawaida. Nimejiharibia nyimbo kadhaa namna hiyo, nyingine kwa kuzifanya mlio wa kuniamsha asubuhi.

Mbona basi nyimbo za ujana ndizo zinazoganda? Watafiti wa kumbukumbu wamegundua kwamba watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao, matukio mengi wanayoyataja ni ya kati ya miaka 10 na 30 hivi. Ndiyo miaka ya mambo ya mara ya kwanza: kupenda, kuachwa, kulala mbali na nyumbani. Wimbo uliokuwapo siku hiyo hubeba siku nzima.

Na yule msanii uliyemzimia, ukabandika picha yake ukutani? Mwaka 1956, watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliueleza ukaribu huu wa upande mmoja: mtu wa kwenye skrini anakutazama machoni, anaongea kama yuko nawe chumbani, na wewe unamjibu moyoni. Miaka 12 baadaye, mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kuiona tu sura ya mtu tena na tena kunatosha kukufanya uipende zaidi. Kwa muda mrefu wa historia ya binadamu, sura unayoiona kila siku ilikuwa ya jirani au ndugu. Moyo haujapewa taarifa kwamba kuna kitu kinaitwa video. Ndiyo maana msanii huyo anapofunga ndoa, kuna watu wasiowahi kukutana naye wanaokosa hamu ya kula. Mimi siwacheki. Mtu unayemjua kicheko chake, kovu lake la shavuni na namna anavyoshika maikrofoni, utamwitaje mgeni?

Mtoto naye, kuna usiku atakuja na kitabu kingine mkononi, bila kuaga kile cha zamani. Utakifungua, utasoma ukurasa wa kwanza, naye atatulia kusikiliza. Wewe ndiye utakayefika katikati na kushtuka kwamba unamngoja kuku.