Fisi Maji Hamalizi Samaki
Wenye mabwawa wanaokuja kwangu kutaka ushauri hufungua mazungumzo kwa lalamiko lile lile, kwamba fisi maji wamemaliza samaki na dawa ni kuwatega. Nimechoka kulisikia, kwa hiyo siku hizi humchukua mwenye lalamiko hadi ukingoni mwa mto, kwenye jiwe wanapoacha kinyesi, tukakivunja kwa kijiti. Kinyesi cha fisi maji asiye na kucha, yule mkubwa wa Afrika kusini mwa Sahara, mara nyingi huwa kimejaa vipande vya magamba ya kaa. Mnyama huyu huwinda kwa kupapasa vidole chini ya mawe na ndani ya tope, hata asipoona kitu, na kwa uwindaji wa namna hiyo kaa hukamatika kwa urahisi kuliko samaki mwepesi. Sikatai kwamba fisi maji mwenye madoa shingoni hula samaki zaidi, wala kwamba samaki waliobanana bwawani ni kishawishi kwa yeyote kati yao. Ndiyo maana nasisitiza, hadi watu wananichoka, uzio wa waya uliofukiwa chini ili asiuchimbe, kwa kuwa ukimwua mmoja, eneo lake hurithiwa na mwingine.

Kumwondoa kuna gharama yake. Fisi maji wa Pasifiki ya Kaskazini waliwindwa kwa ajili ya manyoya hadi wakakaribia kwisha kabla ya mkataba wa mwaka 1911 kuwalinda, na walikotoweka, viumbe wa baharini wenye miiba waliokuwa chakula chao waliongezeka wakaufyeka mwani. Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, waliomhesabu fisi maji kuwa mbwa wa majini, waliamini kwamba ukame huiandama nchi alimouawa. Naiheshimu imani hiyo kuliko mitego.

Jina nalo limewapotosha wengi: huyu si fisi, bali ni wa ukoo wa nyegere na kicheche. Hapumui majini, hubana pumzi, na watoto wake hufundishwa kuogelea na mama yao.

Wanaotaka kumfuga kwa kuvutiwa na picha wajue kwamba huuma vibaya, na kwamba biashara ya kimataifa ya fisi maji wadogo wa Asia ilipigwa marufuku mwaka 2019.