Kupima urefu kwa kivuli

Kivuli kinaweza kukupa urefu wa kitu usichoweza kukipanda: mnazi, mnara wa msikiti, nguzo ya stima. Unahitaji jua, fimbo iliyonyooka na tepu ya fundi. Simamisha fimbo wima, pima kivuli chake, na papo hapo pima kivuli cha kile kitu. Yaliyobaki ni hesabu ya uwiano.

Jua liko mbali mno, kiasi kwamba miale yake inapofika Malindi inashuka sambamba. Mwale unaopita kwenye ncha ya fimbo na ule unaopita kwenye kilele cha mnazi hugusa ardhi kwa pembe ileile. Hivyo fimbo na kivuli chake hufanya pembetatu ndogo, mnazi na kivuli chake hufanya kubwa, na pembe za zote mbili ni sawa. Pembetatu zinazofanana hivyo, pande zake huwa na uwiano mmoja. Tuseme fimbo ya mita 1 ina kivuli cha sentimita 80, na kivuli cha mnazi ni mita 9.6. Gawanya 9.6 kwa 0.8: mnazi una mita 12.

Vipimo viwili lazima vichukuliwe wakati mmoja, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku ambayo jua limepita utosini, kivuli cha sentimita 80 kikiachwa dakika 20 tu huzidi sentimita 95. Ukipima fimbo kwanza, ukaenda kunywa chai, kisha ukarudi kwa mnazi, hesabu itakupa mita 14 na ushei kwa mti wa mita 12. Afadhali muwe wawili.

Watu wa pwani wanakitumia kipimo hiki katika ibada. Kwa madhehebu ya Shafi, alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwepo jua lilipokuwa katikati. Kwa hiyo kivuli cha alasiri, ukitoa kivuli cha adhuhuri, ndio urefu wenyewe. Naona huu ni uzuri mkubwa: anayejua nyakati za swala tayari ana nusu ya somo la pembetatu.

Malindi iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, basi jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kabla kidogo ya katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo, saa sita na nusu hivi mchana mwezi wa Machi na saa sita na dakika kumi hivi Oktoba, kitu kilichosimama wima hakina kivuli cha kupimwa; lakini ikiingia alasiri, kivuli cha mnara ni urefu wa mnara, bila hesabu yoyote. Mwezi wa Juni, kusi ikivuma, mambo ni mengine: kivuli cha adhuhuri hulala upande wa kusini na hufika karibu nusu ya urefu wa kitu, kwa hiyo alasiri huingia kivuli kikiwa urefu mmoja na nusu. Mwenye fimbo hahitaji kukumbuka haya, maana kivuli cha fimbo hubadilika pamoja na cha mnazi.

Kinachopimwa lazima kiwe wima na ardhi iwe sawa. Mnazi ulioinamia bahari utakudanganya, na mlingoti wa jahazi pia, kwa kuwa umewekwa ukilalia mbele. Makaburi ya nguzo yaliyo karibu na Msikiti wa Juma wa Malindi ni mfano mzuri wa kuanzia. Nguzo ya Vasco da Gama, ile ya Wareno ufukweni Malindi, ni ngumu zaidi: imepanuka chini, na kivuli chake mara nyingi huangukia miamba au maji. Kwa kitu kama hicho, sehemu ya kivuli imefichwa ndani ya kitako, hivyo ongeza nusu ya upana wa kitako kabla ya kugawanya. Thales wa Mileto, Mgiriki anayesimuliwa kwamba alipima piramidi za Misri kwa vivuli, angekutana na tatizo hilohilo: kitako cha ile kubwa kina kama mita 230 kila upande.

Ukichuchumaa kwenye ncha ya kivuli cha mnazi utaona haina mpaka mkali. Giza hufifia taratibu kwa karibu shibiri nzima, kwa sababu jua ni duara pana wala si nukta. Weka alama katikati ya ule ukungu, na kwa fimbo vilevile. Tumia fimbo ndefu. Kosa la sentimita 1 kwenye kivuli cha fimbo ya nusu mita humpunguzia au kumwongezea mnazi wetu sentimita 30 hivi. Kwenye fimbo ya mita 2, halifiki sentimita 8.